Kitabu Kinachopungua

Stesheni alitangaza habari za akili yake siku ya Jumapili, wakati wa chakula cha mchana, baada ya kila sahani kujazwa na kabla ya mtu yeyote kupata kisingizio cha kuondoka mezani.

"Nina jambo," alisema, akalaza kijiko chake sambamba na ukingo wa meza. "Akili yangu imeanza kuniaga. Sitaki mtu alie, na sitaki kuletewa watu wa kuniombea. Nataka mjue tu."

Wa kwanza kuacha kutafuna alikuwa Shangazi, dada yake. Wa pili alikuwa Mfamasia, mwanawe wa pekee. Mke wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama, aliendelea kutafuna polepole, macho kwenye sahani. Na wa mwisho kuelewa alikuwa mke wa Mfamasia, mkwe wa nyumba, waliyempachika jina la Fundi kwa sababu mchana alitunza kompyuta za shirika la bima, na jioni alitunza kompyuta za ukoo mzima kwa malipo ya ahsante.

"Inakuaga vipi, baba?" Fundi aliuliza.

"Kitabu changu. Naandika leo, kesho nakuta sikuandika."

Kitabu walikijua wote. Tangu astaafu kazi ya reli, ambako alisimamia stesheni moja baada ya nyingine mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, mzee huyo alikuwa akiandika habari za maisha yake. Wenzake walistaafu na nyumba za kupangisha. Yeye alistaafu na ratiba. Angeweza kukutajia treni ambayo reli zake ziling'olewa zamani, iliondoka saa ngapi, ilichelewa wapi, na dereva alitoa uongo gani. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mali yake, na aliilinda kama tajiri anavyolinda funguo.

"Na nilichoandika, bora nisingeandika," aliendelea. "Juzi nimekuta ukurasa unaosema dada yangu huyu ni mdogo wangu. Nikasema sawa, labda nimekosea tarakimu. Aya inayofuata inasema mdogo wangu huyo alikuwa akinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga."

Shangazi alipaliwa. Mama akamsogezea maji bila kumtazama.

"Mtu ambaye hajazaliwa, ananibeba," Stesheni alisema. "Mimi niliyekuwa nikirudisha ripoti za wakubwa zimejaa wino mwekundu. Halafu kuna kisa cha wewe na sindano." Alimgeukia mwanawe. "Nilikiandika. Naapa nilikiandika."

"Sindano gani, baba?"

"Ulipozimia kwenye zahanati ya reli. Wakakubeba kwa toroli la mizigo, na mchukuzi akakufunga kikaratasi cha anwani mguuni."

Mfamasia alifuta midomo yake, ingawa haikuwa na kitu. "Mimi sikumbuki jambo kama hilo," alisema. "Watu wa umri wako huchanganya ndoto na kweli, baba. Nawaona dukani kila siku. Si aibu." Ilikuwa ile sauti yake ya kuwauzia watu dawa za kuharisha.

Stesheni aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Ndivyo nilivyoogopa," alisema. "Basi mkutano ujao wa wastaafu nitawaachia uenyekiti wao. Kutembea peke yangu nitaacha pia. Na kitabu nimekifunga." Akasogeza sahani mbali, chakula hakijafika nusu, akaenda chumbani.

Fundi alibaki akimtazama mumewe. Kisa cha sindano, pamoja na toroli na kikaratasi cha anwani, alikisikia siku za uchumba wao kutoka kinywani mwa Mfamasia mwenyewe, tena huku akicheka hadi machozi.

*

Seva ya nyumba hiyo iliishi chini ya ngazi, kati ya mifagio na viatu visivyokuwa na wenzao. Ilikuwa kompyuta ya zamani ambayo ofisi ya bima iliitupa, na Fundi akaiokoa kwenye jaa, akaipangusa, na kuipa kazi ya kutunza mafaili ya familia yote mahali pamoja, ili kila mtu ayafungue kwa mashine yake au simu yake. Mama aliiita Mpangaji, kwa sababu iliguna usiku na mchana, ilikunywa umeme, na haikulipa kodi.

Kitabu cha Stesheni kilihamia humo baada ya kompyuta yake ya kwanza kuungua na kwenda na sura za mwanzo. Siku hiyo Fundi alimwambia, "Huku, baba, hakuna kinachopotea." Sasa alichuchumaa kati ya mifagio, kompyuta yake ya mkononi magotini, na maneno hayo yakawa yanamkwaruza kooni kama mwiba wa samaki.

Seva haijui habari ya hadithi. Haijui kama faili ni la mapenzi au la hesabu za maji. Inajua mambo machache ya nje, kama mlinzi wa lango: faili hili lina ukubwa gani, liliguswa lini mara ya mwisho, nani anaruhusiwa kulisoma, na nani anaruhusiwa kuliandika. Fundi alichukua nakala za akiba za wiki zilizopita, akazilinganisha. Kitabu kilikuwa kikivimba na kunywea kama shavu la mpiga tarumbeta. Asubuhi, Stesheni akiandika, kilikua. Alasiri, Stesheni akiwa kwenye matembezi yake, kilipungua.

Hata ule utata wa "nilikisoma asubuhi hapa hapa" ulikuwa na maelezo. Mashine ya mzee haikwenda kumuuliza Mpangaji kila mara. Ilikumbuka sura ya faili kama ilivyoliona mara ya mwisho, ikamwonyesha hiyo, mpaka baadaye ilipoona ni vyema kuuliza upya. Basi alisoma kisa kilichokwisha kufutwa, akanywa chai, akarudi na kukuta kimeyeyuka. Nani asingeogopa?

Kwa hiyo akili ya mzee haikuwa imekwenda kokote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ila nguo ipi? Hapo Fundi alitamani kujificha ndani ya kiatu kimojawapo. Alipoisimika seva hiyo alikuwa amechoka, na familia ilikuwa inampigia kelele, akawapa wote jina moja la kuingilia, "nyumbani," na neno moja la siri, ambalo Shangazi aliliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni ili lisisahaulike. Kazini aliwahi kumgombeza kijana wa ofisi mpaka akalia kwa kosa dogo kuliko hilo. Seva ilisema faili limeguswa na "nyumbani." Nyumbani walikuwa watu wanne, ukimtoa mwenye kitabu.

Kwenda kumwambia mzee kwamba mtu wa damu yake anamfuta kidogo kidogo, bila kusema ni nani, kungekuwa kuwasha moto na kuondoka na ndoo. Akaamua kutega. Alimfungulia Stesheni jina lake mwenyewe na neno lake la siri. Wengine wote akawaachia ruhusa ya kusoma tu. Waangalie, wacheke, walie. Herufi moja wasiguse.

Kisha akagonga mlango wa mzee. "Baba, usijiuzulu kwanza. Kompyuta inaumwa."

"Kompyuta, au mimi?"

"Niache nipime, nitakuambia."

"Mgonjwa wa kweli huwa hafichwi," Stesheni alisema, lakini alichukua kikaratasi chenye neno la siri na kukitia mfuko wa shati.

*

Samaki wa kwanza alikuja kesho yake, amejipaka poda.

"Mkwe wangu," Shangazi alisema, akiegemea mlango wa jikoni, "hivi ile mashine yako ni nzima?"

"Ina nini, shangazi?"

"Sijui. Nilikuwa natazama tu kitabu cha kaka yangu. Maskini, napenda kukisoma. Kikanikatalia."

"Kilikataa kufunguka?"

"Kilifunguka."

"Basi ulikisoma."

"Nilikisoma." Shangazi aliangalia kucha zake. "Lakini hakikusomeka vizuri."

"Herufi ni ndogo? Nikukuzie?"

"Herufi hazina neno. Ni kwamba nikisoma, halafu nikaona mahali pana kosa, sasa lile kosa haliondoki."

"Haliondoki lenyewe?"

"Fundi."

"Naam, shangazi."

"Usinifanye mtoto."

"Siwezi, shangazi. Hata nikikupunguzia miaka, baba atakuwa bado mgongoni."

Shangazi alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na kuwalea wadogo, na hakuwa na desturi ya kubabaika. Lakini sasa alifungua na kufunga mkoba wake mara kadhaa kabla ya kusema. Kulikuwa na fundi saa mmoja, mjane, mtu mpole, aliyekuwa akitembea naye jioni. Umri ulitajwa. Ulitajwa vibaya. Na fundi saa huyo alikuwa ndugu wa mstaafu mmoja wa reli, maana yake kitabu kikitoka tu, kingemfikia.

"Nilibadilisha tarakimu mbili," alisema. "Mbili tu. Hilo la kubebwa nililisahau. Ningejua kaka atajidhania mwehu ningeacha nionekane bibi kizee."

"Nani atamwambia kwamba si mwehu?"

Shangazi alitazama dirishani. "Nitamwambia," alisema. "Ila si leo."

*

Wa pili alikuja na zawadi. Mfamasia alirudi kutoka dukani na pakiti ya vitamini za mama mtarajiwa, ingawa hakukuwa na mtarajiwa, akaziweka mezani chumbani kwao na kuuliza, kana kwamba limemjia njiani, kama seva imebadilishwa chochote.

"Nimefunga mafaili machache," Fundi alisema, akikunja nguo. "Umejuaje?"

"Sijajua. Naulizia."

"Ulitaka kuandika nini kwenye kitabu cha baba?"

"Nani kasema kuandika? Nilitaka kukipanga. Mzee anaandika ovyo, anarudia. Mtoto wake wa pekee simsaidii?"

"Ulimsaidia kuondoa toroli."

Mfamasia alikaa kitandani, juu ya shati lililokwisha kunyooshwa. Fundi hakulivuta.

"Wewe hufanyi kazi na watu," Mfamasia alisema. "Wewe unafanya kazi na mashine, mashine haicheki. Mimi mtu anakuja analia tumbo, ananitazama usoni aone kama ninajua. Akishasoma kwamba nilizimia kwa kuona sindano, nikapakiwa kama gunia na kuandikwa anwani, atanunua nini kwangu? Peremende?"

"Mbona mimi uliniambia?"

"Wewe nilikuwa nakutaka."

Fundi aligeukia ukutani kuficha mdomo, kwa sababu haukuwa wakati wa kucheka. Kisha akamgeukia. "Kufuta ni shauri moja," alisema. "Lakini juzi mezani ulimtazama baba yako machoni ukamwambia aliota. Aliacha chakula chake pale. Amevua saa mkononi, umeona? Anasema haina kazi tena."

Mfamasia alichukua pakiti ya vitamini, akasoma maandishi ya nyuma kama mtu anayetafuta humo dawa ya maradhi yake mwenyewe.

*

Fundi alidhani amemaliza. Alijipongeza hata, kimoyomoyo, alipokuwa akianika mashuka uani. Wawili wamenaswa, wote wawili kwa vinywa vyao, hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Ndipo Mama alipokuja na beseni la pili, akaliweka chini, akashika ncha nyingine ya shuka.

"Mwanangu," alisema. "Lile faili la baba yako. Nifungulie niandike."

Alilisema hivyo hivyo, bila mzunguko, kama mtu anayeomba chumvi.

"Kwani na wewe, mama?"

"Na mimi. Kabla yao."

Walivuta shuka, wakalikunjua, wakalitupa juu ya kamba. Mama alilinyoosha kwa kiganja. Aliongea akiwa upande wa pili, hivi kwamba Fundi aliona miguu yake tu na kivuli.

"Ana kisa cha mafuriko," Mama alisema. "Maji yalipochukua daraja na sisi tukalala juu ya paa la ghala. Kisa kizuri. Alikiandika kwenye sura ya tatu. Halafu akakiandika tena sura ya tano, kama kipya. Mwezi uliopita akakaa asubuhi nzima, akaja jikoni uso umemng'aa, akaniambia, mke wangu, leo nimekumbuka jambo ambalo sijapata kuliandika. Ni mafuriko."

Fundi alibana shuka kwa kibanio.

"Nikamwambia, ehee, niambie. Akanihadithia. Alipotoka nikaenda kwenye simu yangu nikafuta ile ya tatu. Na ile ya tano nikaichanganya na hiyo mpya, nikachukua maneno mazuri ya huku na maneno mazuri ya kule. Majina akikosea, narekebisha. Nilisema watu wakisoma wamkute yeye yule wa siku zote." Mama alitokea kutoka nyuma ya shuka, akachukua foronya. "Hawa wawili walikuwa wanajifuta wao. Mimi nilikuwa nafuta kusahau kwake. Sasa umefunga, na anaandika kila siku, siri siri, hata kama amesema ameacha. Jana ameanza mafuriko tena."

"Mama, anahitaji kuonwa na daktari."

"Najua. Lakini wewe ulimwambia ni kompyuta. Nilimwona alivyochangamka. Sikuweza kuuzima uso ule."

*

Kikao kilifanyika sebuleni, baada ya chai ya jioni ambayo haikunyweka. Shangazi ndiye aliyeanza, kwa sababu alikuwa mkubwa, na alisema hivyo hasa. "Mimi ni mkubwa wako," alimwambia kaka yake. "Nilikubeba mgongoni. Ulikuwa mzito na ulikuwa unakojoa. Aliyebadilisha mwaka ni mimi, si wewe."

Stesheni alisogea mbele kitini. "Kwa nini?"

"Kuna mwanamume."

"Yule fundi saa?"

"Unamjua?"

"Ameniuliza umri wako. Nikamwambia akuulize mwenyewe, maana mimi siku hizi sijiamini."

Ilipofika zamu ya Mfamasia, alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema alifuta kisa cha sindano, kwa siku tofauti, kila baba yake alipokirudisha. Alisema kisa ni cha kweli, toroli ni la kweli, na kwamba kikaratasi cha anwani kiliandikwa "mzigo mwepesi, usigeuzwe." Kisha akasema yale aliyosema mezani hayakuwa ya mtoto kumwambia baba, akaomba radhi, na sauti ya dukani haikuwamo.

Stesheni alianza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, akatoa leso, akajifuta. "Kumbe mimi mzima," alisema. "Mnanitia kaburini kwa ajili ya poda na sindano. Nilikuwa nimeshaandika hotuba ya kuaga. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta nani wa kumwachia fimbo yangu." Alimgeukia Fundi. "Ni hawa wawili tu?"

Mama alikuwa akikusanya vikombe. Kimoja kiligonga kingine.

"Baba," Fundi alisema, "hawa ndio walionijia wakasema mashine ni mbovu." Lilikuwa neno la kweli, na alilichukia kwa jinsi lilivyokuwa la kweli.

"Vyema," Stesheni alisema. Hakuendelea kucheka.

*

Alimwita kesho yake asubuhi, wengine wakiwa wametoka na Mama akiwa sokoni. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Saa ilikuwa imerudi mkononi.

"Kaa," alisema. "Nisomee hapa."

Ilikuwa habari ya stesheni yake ya kwanza, chumba kimoja cha mabati katikati ya nyika, mwaka aliooa. Walikaa wawili tu na mbwa. Fundi alisoma kwa sauti mpaka mahali mbwa anapofukuza treni ya mizigo.

"Anaitwaje huyo mbwa?" Stesheni aliuliza.

"Koplo."

"Mimi niliandika Kapteni. Nina hakika, kwa sababu nilifikiri muda mrefu kabla ya kuandika, nikakosa, nikaweka Kapteni kwa kubahatisha. Wiki iliyofuata nikakuta Koplo. Na nilipoona tu Koplo, nikasema ndiyo, ndiye yeye, alikuwa na sikio moja." Aliweka mikono yake miwili juu ya meza. "Dada yangu hajapata kufika stesheni ile. Mwanangu alikuwa hajazaliwa. Duniani kuna mtu mmoja anayelijua jina la mbwa yule, na si mimi tena."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Usimsemee," Stesheni alisema. "Sikuulizi habari zake. Nakuuliza zangu. Nakala za zamani unazo kule chini ya ngazi?"

"Ninazo, baba."

"Mafuriko nimeyaandika mara ngapi?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema mashine huchanganya. Aliwaza uso wa Mama nyuma ya shuka, akawaza pia mkono wa mzee huyu ulivyotia kikaratasi mfukoni na kumwamini. "Mara nyingi, baba," alisema.

Nje kulikuwa na mtu anapita na mkokoteni, Stesheni akausikiliza mpaka ulipopotelea mbali.

"Niliona kitabu kinapendeza," alisema. "Nikisoma nilichoandika jana, nakuta ni kizuri kuliko nilivyokiacha. Nikajisemea, mzee, umekuwa mwandishi. Mtu mzima hovyo." Akatabasamu kidogo, kwa upande. "Hii ruhusa uliyotufungia, unaweza kumpa mtu mmoja na kumnyima mwingine?"

"Naweza."

"Dada yangu asome tu. Mume wako asome tu, tena mkuzie herufi kwenye sindano. Wewe usome tu, maana wewe ukiandika utatia mambo ya nyaya. Mke wangu mwandikishe, aandike. Jina lake mwenyewe, neno lake la siri, asitumie la kwenye kalenda. Na kikiongezeka au kikipungua, ionekane ni yeye."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kompyuta imepona. Mimi nitamwambia yaliyobaki."

Alimwambia lini, na kwa maneno gani, hakuna aliyesikia. Nyumba iliona tu kwamba siku ya daktari walikwenda wawili, Mama akiwa amebeba mkoba na Stesheni akiwa amebeba matokeo yake yote ya mitihani ya darasani, maana aliambiwa atapimwa akili na hakutaka kudharauliwa. Walirudi na vidonge, na amri ya kutembea kila siku. Daktari hakuficha. Alisema safari ya kusahau imeanza. Stesheni alimuuliza kama ni treni ya abiria au ya mizigo, na daktari, ambaye hakuwa na mzaha mwingi, alifikiri akasema ya mizigo.

"Basi vituo ni vingi," Stesheni aliwaambia mezani, akakata mkate.

Uenyekiti aliuachia, lakini kwa hotuba ndefu mno, na wastaafu wakamwomba abaki mlezi ili wasisikie nyingine. Fundi saa alipewa umri wa kweli na Shangazi mwenyewe, barazani, mlango ukiwa wazi na watu watatu wakisikiliza nyuma ya pazia. Mwanamume huyo akasema yeye pia ana jambo kuhusu umri wake.

Kitabu kiliendelea. Asubuhi sasa viti vilikuwa viwili mbele ya kompyuta, na Mama alivaa miwani na kuandika kwa kidole kimoja kilichogonga kama kuku anayedonoa. Fundi alipita siku moja akielekea kazini, viatu mkononi ili asiwakatize, akamsikia Stesheni akisimulia kuhusu mwanamke aliyejifungua kwenye behewa la daraja la tatu, na mtoto akaitwa jina la stesheni iliyofuata.

"Hili umeshalisema," Mama alisema.

"Wapi?"

"Sura ya pili."

"Nimelisema vizuri?"

"Vizuri sana."

Stesheni alifikiri. "Basi lifute hili."

Mama alinyanyua kidole, kikabaki juu ya herufi, hakikushuka.

"Nitalifuta," alisema. "Malizia kwanza. Mtoto aliitwa nani?"